Taa za Pijo ya Baba

Jumanne, 11 Machi 2025

Naanza kuandika leo katika daftari la shule ninakofundisha, lililobaki bila kugawiwa. Nyumba hii ina watu wawili tu, mimi na Baba, lakini jambo likiharibika hapatikani aliyelisema wala aliyelifanya. Nikiandika tarehe, hakuna atakayeniambia kesho, "Wangare, wewe unakumbuka vibaya."

Gari ilizima Elburgon asubuhi. Ni Pijo 404 ya Baba, ile aliyoinunua mwaka niliozaliwa. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo alikuwa amewasha taa kubwa, waipa na feni ya kupasha kioo joto, vyote pamoja. Betri ikaisha njiani. Ndani alikuwemo Chepkosgei, jirani yetu. Figo zake zimekufa, na kila Jumanne na Ijumaa lazima awe hospitali Nakuru saa moja asubuhi kuoshwa damu. Mwanawe Kipsang yuko Qatar. Baba ndiye humpeleka. Wanatoka hapa Molo saa kumi na moja, kabla hakujakucha, na alasiri wanarudi.

Leo alifika saa nne. Wakamwekea mashine kwa saa mbili badala ya nne. Jioni nilimkuta ameketi mlangoni kwake bila viatu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii.

Ijumaa, 14 Machi

Wamekwenda kwa gari la kuazima. Kesho tunaipeleka Pijo kwa fundi wa waya za gari, Rhonda, kule Nakuru. Baba ndiye aliyemchagua. Simjui.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi anaitwa Bravin Sitati. Ana banda la mabati kando ya barabara na redio isiyozimwa. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole kupita kiasi. Fundi mpole hunitia wasiwasi kuliko fundi mkali.

Alifungua bonneti, akapima hapa na pale na mita yake, akasema, "Mzee, hii gari haina ugonjwa mkubwa. Oltaneta yake ni ya kitambo, inatoa stima kidogo. Ukiwasha taa, waipa na feni mara moja, betri inatoa kuliko inarudishiwa."

"Si ubadilishe oltaneta?" nikauliza.

"Naweza, madam, lakini kupata ya 404 ni kazi, na ikiwa kubwa sana hizi waya zitaungua. Afadhali tupunguze mzigo. Hizi taa zake, kila moja inakula wati sitini. LED inakula ishirini na tano hivi, na inamulika kuishinda. Tubadilishe zote. Mbele, nyuma, indiketa, mpaka ile ya ndani."

"Itamulika zaidi?" Baba akauliza.

"Zaidi sana, mzee."

"Zaidi kiasi gani?"

Aliuliza hivyo mara tatu. Kuhusu betri hakuuliza hata mara moja.

Kazi ilipokwisha, Sitati alimpa Baba ufunguo na ukaanguka katikati yao. Sitati akauokota. Lakini alimtazama Baba kwa muda mrefu kuliko ufunguo ulivyohitaji. Kisha akamshika mkono, wakaenda nyuma ya gari wakaongea kwa sauti ya chini. Nilipowafikia walinyamaza.

"Tulikuwa tunaongea mambo ya fyuzi," akasema fundi.

Taa za zamani nilizitia kwenye gunia nikarudi nazo. Sitati alishangaa. Acha ashangae.

Jumanne, 18 Machi

Wameenda na kurudi, betri nzima. Feni ikawaka njia yote, Chepkosgei anasema hata alivua koti. Indiketa tu ndizo zinapepesa haraka kama zimeshikwa na wazimu. Baba akala, akanawa, kisha akasema, "Lakini zile taa ni hafifu."

Alhamisi, 20 Machi

Baba amegonga kikombe cha chai kikamwagika. Cha pili wiki hii. Anasema mimi ndiye ninayeviweka vibaya.

Jumamosi, 22 Machi

Alikwenda Rhonda peke yake, na hakuniambia mpaka aliporudi. Flasha, kile kidude kinachopepesa indiketa, imebadilishwa, nazo zimetulia. Taa za mbele pia zimebadilishwa! Fundi amemwambia hizi ni bora kuliko zile za kwanza. Kama hizi ni bora, zile za kwanza zilikuwa nini?

Jumanne, 25 Machi

"Bado hafifu."

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada, Mzee Muturi alimnyooshea Baba mkono, na Baba akampita kama nguzo. Hawa ni watu walioimba kwaya moja miaka ishirini. Muturi akaniuliza, "Nimemkosea nini baba yako?" Njiani nilimuuliza Baba, akasema hakumwona Muturi kanisani leo. Ananidanganya uso kwa uso. Kuna ugomvi kati yao, na kama kawaida mimi nitakuwa wa mwisho kujua.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Baba amekwenda tena kwa Sitati alipokuwa akimsubiri Chepkosgei, wamebadilisha taa mara ya tatu, na jioni nikasikia wimbo uleule. Sasa nina likizo. Kesho nitakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda. Bandani kulikuwa na mwenye Probox moja na waendesha boda watatu wakijikinga mvua. Nilifurahi kuwakuta. Nilitaka mashahidi.

"Wewe unamuuzia baba yangu taa bandia," nikasema. "Mara tatu sasa."

Sitati aliweka chini plaisi ya kukatia waya. "Mwalimu, hizo taa ni orijino. Kaa hapa nikuonyeshe."

"Usinionyeshe kitu. Baba yangu anabeba mgonjwa kwenye ukungu wa Elburgon, na kwa hizi taa zako haoni barabara!"

Mwenye Probox alikuwa ameanza kulitazama gari lake kwa jicho jingine.

"Muulize mzee," Sitati akasema.

"Nimuulize nini?"

"Muulize tu mzee, mwalimu."

"Ninakuuliza wewe uliyezifunga."

Hakujibu. Mtu asiye na hatia hujibu. Nilimpiga picha akiwa amesimama vile, mikono chini, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari wa Molo: *Jihadharini na fundi huyu wa Rhonda, anaibia wazee.* Kufikia saa kumi na mbili watu arobaini walikuwa wamejibu. Mmoja ameandika kwamba yeye siku zote alimshuku.

Jumanne, 8 Aprili

Leo niliamua kufuatana na Baba na Chepkosgei, nikakaa nyuma. Baba hakupenda. Alisema gari itakuwa nzito, gari ambayo imewahi kubeba magunia manne ya waru, viazi vya shambani kwetu, na mbuzi.

Chepkosgei alikaa mbele. Nilidhani mgonjwa angejilaza, lakini yeye aliketi wima kama anafanya mtihani. Mkono wake wa kushoto ulishika dashibodi, na wa kulia ukawa begani kwa Baba. Begani kwa Baba! Safari nzima. Mara anamgusa kwa vidole, mara anambonyeza, mara mkono unatulia. Hawakusema neno. Baba hakuutoa ule mkono, wala hakuona haya kwamba niko nyuma.

Ni miaka minne tu tangu Mama afariki.

Jambo jingine. Malori matano yalituwashia taa kwa hasira, na dereva mmoja akatoa kichwa nje akatutukana. Baba anasema madereva wa siku hizi hawana adabu.

Ijumaa, 11 Aprili

Walipoondoka nilipekua koti la Baba la kanisani. Nilipata peremende mbili na orodha ya nyimbo. Sikuona aibu.

Jumapili, 13 Aprili

Sitati amepiga simu mara mbili, sikushika. Kisha akatuma ujumbe: *Mwalimu wateja watatu wamekuja kuchukua magari yao kabla sijamaliza. Naomba utoe ile picha. Shida si taa.*

Shida si taa. Basi shida ni nini, na kama anaijua, mbona haisemi? Wote watatu wananificha kitu, Baba, fundi na huyu mwanamke. Hilo nina hakika nalo.

Alhamisi, 17 Aprili

Waru za shamba la chini zimeanza kuoza kwa maji.

Jumanne, 22 Aprili

Nataka kuandika leo leo, kama ilivyotokea.

Nilifuatana nao tena. Asubuhi ilikuwa salama, mkono begani, kimya, malori yakituwashia taa. Chepkosgei alitoka hospitali saa saba akiwa amechoka kuliko kawaida. Muuguzi alisema presha yake imeshuka, apumzike njiani. Tulipopita Njoro mvua ikaanza, na baada ya Elburgon ukungu ukashuka barabarani. Saa tisa alasiri, lakini usingejua. Baba akawasha taa kubwa. Chepkosgei mwanzoni alikuwa wima. Kisha kichwa chake kikaegemea kioo, na ule mkono ukateleza kutoka begani kwa Baba ukaanguka kwenye kiti. Amelala. Nakiri nilifurahi kuona mkono umetoka.

Mbele yetu, upande wa kushoto, kulikuwa na mwanamume akisukuma baiskeli yenye mitungi miwili ya maziwa. Alikuwa na koti la mvua la njano. Taa zetu zilimfikia akiwa mbali. Nilimwona vizuri kabisa, niliona mpaka kamba aliyofungia mitungi. Nilingoja Baba apinde kidogo. Hakupinda. Nilingoja akanyage breki. Hakukanyaga. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, ametulia, kama mtu ambaye barabara yake iko wazi.

"Baba! Mtu! Mtu!"

"Wapi?" akasema. Hakupiga kelele, aliuliza tu. "Wapi?"

Nikaruka juu ya kiti nikavuta usukani. Gari ikapinda, ikateleza, ikaingia mtaroni upande wa kulia na kusimama imeinama. Kwa jinsi ilivyopinda, sehemu ya nyuma iligusa baiskeli. Nikasikia mitungi ikigonga lami.

Nilitoka kwa mlango wa juu. Yule mtu alikuwa ameketi barabarani katikati ya maziwa, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Alikuwa hai. Alikuwa ananitukana, na sijawahi kufurahia matusi namna ile. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, goti limechubuka, basi.

Baba alisimama kando ya Pijo, amelishika paa kwa mkono. "Alitokea wapi?" akasema. "Wangare, alitokea wapi? Hapakuwa na mtu."

"Alikuwa mbele yako, Baba. Amevaa njano."

"Hapakuwa na mtu. Ni hizi taa."

Nikatazama taa. Ile ya kushoto ilikuwa imeinuka kwenye mtaro na mwanga wake ulikuwa umeukata ukungu mpaka miti ya upande wa pili. Ilinilazimu kufumba macho.

Chepkosgei alikuwa ametoka, ameketi kwenye ukingo wa mtaro. Ndiye aliyesema.

"Mzee, basi. Mwambie."

Baba akainamia paa la gari.

"Haoni pembeni," Chepkosgei akaniambia. "Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tangu Januari ninajua. Nikimgusa mara moja ni gari linakuja, mara mbili ni mtu kushoto, nikibonyeza ni tuta. Leo nimelala." Akaanza kulia. "Nimelala, mwanangu."

"Ulijua, na ukapanda gari lake?"

"Ningepanda la nani?"

"Ungeniambia mimi!"

"Ningekuambia, ungemnyang'anya ufunguo siku hiyohiyo. Na ungefanya vizuri. Lakini Ijumaa ingefika." Alifuta uso kwa ncha ya leso. "Mimi nilinyamaza kwa sababu nataka kuishi. Sina sababu nyingine ya kukupa."

Nilimfunga yule mtu wa maziwa mkono kwa skafu yangu, nikampigia simu mwenye trekta, na muda wote huo Baba alibaki ameshika paa la gari, mvua ikimwingia shingoni.

Jumatano, 23 Aprili

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Kikombe. Kikombe cha pili. Muturi kanisani. Ufunguo ulioanguka. Yote niliyaandika kwa mkono wangu, na tarehe juu yake. Niliwachunguza watu watatu kwa wiki sita na sikumwangalia hata mmoja.

Nimeiondoa ile picha kwenye kundi na kuandika kwamba nilikosea. Watu wanne wamejibu.

Baba hajasema neno tangu jana. Nimemwekea chakula, nikamwambia kiko wapi mezani, akasukuma sahani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeendesha mimi. Nina leseni miaka tisa, na Baba hajawahi kunipa Pijo hata niitoe getini. Bampa imepinda ila inatembea. Tulimwacha Chepkosgei kwenye mashine, nikampeleka Baba kwa daktari wa macho.

Ni presha ya macho. Daktari anasema imekula polepole miaka mingi, ikianzia pembeni, ndiyo maana hakuna anayeigundua mapema. Kilichopotea hakitarudi. Dawa ya matone, asubuhi na jioni, inaweza kulinda kilichobaki. Kuendesha gari, hapana. Alisema "hapana" mara mbili, mara ya pili akimtazama Baba.

Baba alimwambia daktari asante. Kwangu, kimya.

Jumamosi, 26 Aprili

Rhonda. Nilitaka mashahidi kama wale wa mara ya kwanza. Kulikuwa na mwendesha boda mmoja na mama wa chapati. Nikaongea hata hivyo.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu. Hukuwa mwizi. Nimekuja kusema hivyo mbele ya watu."

Sitati aliendelea kukunja waya mkononi. "Sawa, mwalimu."

"Uligundua lini?"

"Siku ya kwanza. Nilimpa ufunguo akashika hewa. Nikamwambia huko nyuma, mzee, wewe macho yako yako na shida. Akaniomba nisikuambie. Akasema akiacha gari, yule mama atakufa, na wewe utamweka kwa nyumba kama kuku." Akaweka waya chini. "Mimi nikaona, macho siwezi tengeneza, lakini mwanga naweza ongeza. Kila akirudi naongeza. Zile za mwisho niliziinua juu kabisa, hata si halali. Zinaumiza wenye wanakuja."

"Yule mtu wa maziwa angekufa."

"Najua." Akauokota tena ule waya. "Chepkosgei alinipigia. Sijalala vizuri tangu Jumanne. Ilifaa nikushike mkono nikuambie, hata kama ungenitukana."

Ningemwamini? Nilijiuliza pale pale, na jibu sikulipenda.

"Yule wa Probox alirudi?" nikamuuliza.

"Hapana. Wala wale wengine."

"Nipe namba zao."

Nikawapigia wote, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama mbele ya banda. Mmoja alikata simu. Mmoja alisema atafikiria. Mwenye Probox alicheka, akasema nina bahati sikushtakiwa, kisha akasema atakuja Jumatatu.

Nilipotaka kuondoka, Sitati alikuwa amepiga goti mbele ya Pijo na bisibisi. "Nizishushe hizi taa, mwalimu? Kwa macho yako hauhitaji yote haya."

"Zishushe."

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Mwalimu mkuu amekubali nibadilishane vipindi vya Jumatano alasiri na Becky, mwalimu wa darasa la nne. Hospitali imempa Chepkosgei zamu mpya, Jumatano alasiri na Jumamosi asubuhi. Nilienda kumwambia. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akainuka kwa shida akanipakulia. Hasira yangu kwake haijaisha. Nilikula.

Jumatano, 30 Aprili

Baba: kimya. Ila matone ameweka mwenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Nilidhani tungekuwa wawili. Saa kumi na moja nilipowasha gari, mlango wa nyuma ukafunguka na Baba akaingia, amevaa koti na kofia, akaketi katikati ya kiti. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Chepkosgei, mbele, aligeuka akamsalimia. Akaitikia kwa kichwa.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka Elburgon. Nilikuwa naendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kila kona nilikanyaga klachi, nikaishikilia, nikaogopa kuiachia, nikaiachia. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho kwenye baridi ile. Nilikuwa najua yuko nyuma, anasikiliza injini aliyoitunza miaka arobaini na mbili ikiteswa na mguu wangu. Tukapita mahali palepale pa mtaro. Nyasi bado zimelala. Hakuna aliyepataja.

Tulipoanza kuteremkia Njoro kukawa kumepambazuka, na ndipo Baba akanisemesha kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja.

"Unaishika klachi muda mrefu," alisema. "Utaimaliza."

Chepkosgei akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nikaondoa mguu.